Vali Kumi na Moja

Simu ililia Nasriya akiwa anakaanga sambusa. Aliipokea kwa mkono wa kushoto, na hata kabla ya salamu alikuwa keshaanza kutabasamu, maana sauti aliijua. Alikuwa Bi Shariffa, mama yake Hisham, wa Qurum, mtaa wa matajiri.

"Mwenzangu, nyumba hainikaliki," alisema Bi Shariffa. "Hizi AC zinagonga kila chumba, utasema kuna mtu ndani ya ukuta ana nyundo. Na kesho Ijumaa wageni wangu wanafika kutoka Dubai, hao hao tutakaokuja nao kwenu Ijumaa ya pili kuposa. Si mumeo ndiye kazi yake hii? Mwambie aje leo atutazamie."

"Atakuja, Bi Shariffa. Kwani si nyumba yake hiyo?"

Zahor alikuwa amekaa hatua tatu kutoka hapo, anachezesha kahawa kwenye kikombe. Alisubiri mkewe aweke simu.

"Umeshanikubalia kazi, na mimi mwenyewe nipo hapa."

"Si kazi, Baba Bashayer, ni udugu. Watu wanataka kumchukua mwanao, wewe utakataa kuwatazamia AC?"

Zahor alikuwa fundi mkuu wa mitambo ya ubaridi katika wizara moja, mtu wa miaka arubaini na nane, mpole, asiyependa maneno mengi. Walikaa ghorofa ya tatu Hamriya, juu ya maduka ya washoni. Binti yao Bashayer alifanya kazi benki, na huko ndiko Hisham, mtoto wa Yaqoob mwenye kampuni ya ujenzi, alikomwona. Nyumba zote mbili asili yao Unguja, kabla ya kuhamia Uarabuni, na mwanzoni jambo hilo lilifanya kila kitu kionekane chepesi. Hiyo ilikuwa Agosti, mwaka tisini na nane, na Nasriya alikuwa ameisubiri posa hiyo miezi mitatu.

Zahor akachukua sanduku la spana akatoka.

*

Penye geti la Qurum mlinzi alimwonesha mlango wa nyuma. Zahor alidhani mlinzi amekosea, akamwambia kwa upole yeye ni mgeni wa wenyewe. Mlinzi akainua tena mkono, akaonesha pale pale.

Bi Shariffa alimpokea jikoni. "Ahlan, Zahor, karibu. Usione vibaya, mbele wameshapiga deki." Akamtazama viatu. Kisha akafungua kabati, akatoa mifuko miwili ya nailoni ya supamaketi, akampa. "Vaa hii juu yake, tafadhali. Hii sakafu ya marmar inashika alama, we acha tu."

Zahor akainama, akafunga mifuko miguuni. Alipita sebuleni akichakacha kila hatua kama mtu anayekanyaga majani makavu, na mtumishi mmoja aliyekuwa akifuta meza aligeuza uso ili asicheke.

Kelele ilikuwepo kweli. Katika nyumba ile maji ya baridi yalizunguka kwenye mabomba kutoka chumba cha pampu mpaka kila chumba, na kila chumba kilikuwa na vali yake, inayofungua na kufunga yenyewe kwa kufuata kile kitufe cha ukutani cha kupandishia na kushushia baridi. Vali kumi na moja. Zahor alikwenda chumba kwa chumba, anapanda ngazi, anaondoa kifuniko cha dari, anaweka kiganja juu ya bomba. Kwanza mluzi mwembamba, halafu ta-ta-ta-ta, bomba zima linatetemeka. Akamulika kwa tochi. Kila vali imechongwa mshale ubavuni kuonesha maji yaingilie upande gani. Maji yalikuwa yakiingilia nyuma. Kizibo cha ndani kikitaka kufunga, maji hukinyakua na kukibamiza, kikafunguka, kikabamizwa tena. Vali zote kumi na moja zilikuwa hivyo. Mtu hakosei mara kumi na moja, Zahor alijiambia. Akateremka kwenda chumba cha pampu.

Humo alimkuta mtu mwembamba amekaa juu ya debe la rangi, mikono juu ya magoti. Alikuwa Varghese, fundi wa mabomba wa kampuni ya Yaqoob, Mhindi wa Kerala. Ameambiwa akae pale abebe vyombo. Walizungumza Kiarabu cha kazini, kile cha maneno machache ambacho kila mtu anakielewa.

"Vali umezifunga wewe?" Zahor aliuliza.

"Mimi."

"Mishale hukuiona?"

 Varghese alisimama, akaenda kwenye mabomba mawili makubwa yaliyotoka ukutani, akafunua tepu nyeusi kwa ukucha. Chini ya tepu kulikuwa na mshale mwekundu wa rangi, unaelekea upande mwingine kabisa.

"Mimi nilifunga sawa," alisema. "Chumba cha pampu kilikuwa kule, upande wa bahari. Madam akasema kinaharibu bustani. Bosi akasema kileteni huku. Wakati huo dari zimeshafungwa. Bomba la kwenda likawa la kurudi, na la kurudi likawa la kwenda. Nikamwambia bosi, vali zitalia. Akasema hakuna muda, tunahamia kabla ya Ramadhani. Nikamwambia basi tupishanishe haya mawili hapa hapa, siku moja tu. Akasema wewe injinia? Wewe koroboi, kibarua tu, funga mdomo."

Zahor alitazama mabomba kwa muda. Kijana huyu alikuwa sahihi. Hapakuwa na haja ya kupasua dari hata moja, ilitosha kuyapishanisha mabomba mawili pale yanapotoka ukutani, na maji yote ya nyumba yangekwenda njia yake. "Zima pampu," alisema.

Walifanya kazi kwa muda wa saa sita. Walipofungua nati ya kwanza maji yaliyokuwa yamelala ndani yalitoka meusi kama wino, yananuka mayai yaliyooza, yakawamwagikia vifuani. Zahor alitapika kidogo kwenye kitambaa, Varghese akacheka, na yeye akacheka. Walikata, wakaunga, wakapishanisha, mmoja ameshika bomba mwingine anakaza. Mchana hakuna aliyewaletea chakula. Varghese alikuwa na chupa ya chai ya maziwa, akamimina kwenye kifuniko, akampa Zahor kwanza.

Ilikuwa karibu na alasiri Hisham alipoingia na gari uani, pamoja na rafiki yake wa kazini. Zahor alikuwa ametoka nje kumwaga ndoo. Nguo zimelowa uchafu, miguuni mifuko ya nailoni imechanika inaburuta. Alisimama, akasubiri kijana amwamkie.

Hisham alimwona. Macho yao yalikutana, hilo Zahor alikuwa na hakika nalo mpaka mwisho. Rafiki yake akaziba pua, akauliza, "Nani huyu?"

"Wa AC," Hisham akajibu, akafungua mlango wa mbele, wakaingia.

*

Pampu ilipowashwa nyumba ilinyamaza. Bi Shariffa alizunguka vyumba vyote na mkono kifuani. "Subhanallah. Kimya!" Akamfungia Zahor biriani la jana kwenye karatasi ya fedha. "Wapelekee nyumbani, lisitupwe."

Yaqoob alimwita barazani, kwenye kiti cha plastiki. Alikuwa mtu mnene, anayenukia udi, anayemshika mtu bega kila anaposema. Alichomeka noti katika mfuko wa shati la Zahor kabla Zahor hajawahi kurudi nyuma.

"Yaqoob, ndugu yangu, sikuja kwa hilo."

"Petroli tu, petroli. Sasa sikiliza, nna jambo dogo." Akatoa karatasi iliyokwisha pigwa chapa. "Huyu fundi wangu Mmalabari ameniletea balaa. Anataka kunihama, aende akadhaminiwe na kafili mwengine, amekwenda kunishitaki ofisi ya kazi eti nimemzuilia karatasi zake. Jumatatu tunaitwa. Mimi nataka arudi kwao na asiingie tena nchi hii. Wewe mtu wa serikali, fundi mkuu, neno lako wanalisikia. Tia sahihi hapo chini, basi."

Zahor akasoma. Karatasi ilisema kwamba yeye, Zahor, ameikagua nyumba na ameona mfanyakazi Varghese amegeuza vali kumi na moja kwa makusudi ili kumtia hasara mwajiri wake.

"Hii si kweli, Yaqoob. Mabomba yaligeuzwa kwa amri. Nimeuona mshale wa zamani."

"Mshale!" Yaqoob akacheka. "Kwani mimi na wewe tutagombana kwa sababu ya mshale? Usinijibu leo. Chukua, kaa nayo. Ijumaa ya pili tunakuja kwenu, tutakuwa watu wa nyumba moja. Mtu wa nyumba moja hamwachi mwenzake aabike mbele ya koroboi."

Zahor alikunja karatasi. Mdomo wake ulikuwa bado na ladha ya yale maji meusi. Alipofika njia panda alisimamisha gari, akatupa lile biriani kwenye pipa, na noti akampa mfagiaji wa barabara aliyekuwa karibu, naye akabaki kuitazama pande zote mbili.

*

"Sitii sahihi," alimwambia mkewe usiku ule, akaitupia karatasi ndani ya mtoto wa meza ya televisheni.

Nasriya alikuwa akikunja nguo. "Umewaambia hivyo?"

"Nitawaambia."

"Zahor, skiza. Ni karatasi. Jumatatu itasomwa, Jumanne itatiwa kwenye faili, hakuna atakayeikumbuka. Yule Mhindi atarudi kwao kwa mkewe, atapata kazi nyengine."

"Atapigwa marufuku. Na ataitwa mharibifu, kwa kazi aliyoifanya vizuri."

"Na mwanao ataitwaje? Watu wote wa Hamriya wanajua tunasubiri posa. Nimeshawaambia mpaka ndugu zangu wa Bustan."

Bashayer alikuwa mlangoni. Zahor alimgeukia. Alitaka kumwambia habari ya uani, neno lile "wa AC", lakini aliona aibu kulitamka mbele ya mwanawe, kana kwamba yeye ndiye aliyelitenda. Akasema tu, "Hisham nilimwona leo."

"Alikusalimia?" Bashayer aliuliza kwa furaha.

"Alikuwa na mgeni," alisema Zahor, akaenda kuoga mara ya pili.

*

Jumamosi asubuhi, saa za kazi, simu ya karakana ilimtaka yeye.

"Zahor, Allah akujaalie kheri," ilikuwa sauti ya Yaqoob. "Nilijua hutaniangusha. Barua nimeipata jana, imekaa vizuri sana."

"Barua gani?"

"Aa, unafanya mzaha. Kumbe una mzaha! Haya, Ijumaa inshallah."

Zahor aliweka simu. Alikaa juu ya kompresa iliyokufa, mbele ya vijana waliokuwa wakimsubiri awape kazi. Kisha akaomba ruhusa, akaendesha mpaka nyumbani.

Nasriya alimfungulia mlango, akamwona uso, na hakujaribu kukana.

"Mimi," alisema. "Ulipokuwa msikitini jana. Sahihi yako naijua, nimekuona ukiitia miaka ishirini na nne."

"Nani aliipeleka?"

Nasriya alitupa jicho mlangoni mwa chumba cha Bashayer. Basi Zahor akajua. Hisham alikuwa amepita na gari, na Bashayer alishuka ngazi ghorofa tatu, bahasha mkononi.

"Mtoto wangu," alisema Zahor. "Umemtuma mtoto wangu."

"Mtoto wangu pia!" Sauti ya Nasriya ilipasuka. "Miaka ishirini na nne nnakaa juu ya cherehani, Zahor. Nnalala zinalia, nnaamka zinalia. Ukipandishwa cheo unasema wampe mwenye watoto wengi. Ukipewa kiwanja unasema mbali. Nikasema sawa, ndiye niliyeandikiwa. Lakini Bashayer simwachi akae hapa na wema wako. Mtu mmoja tu aondoke, tena si wetu, si jamaa, hata jina lake siwezi kulitamka!"

"Varghese," alisema Zahor. "Alinipa chai."

"Chai!"

Alimtazama mkewe. Alikuwa mwanamke yule yule, na kanga yake ile ile, na mkono wenye alama ya mafuta ya sambusa. Ndio mkono ulioandika jina lake. Zahor alihisi kinyaa kilichomtisha, kwa sababu hajapata kukihisi ndani ya nyumba yake. Cha Yaqoob aliweza kukiacha Qurum. Hiki kilikuwa kimekaa naye chumba kimoja, na asingejua akitapike wapi.

*

Jumatatu alikwenda ofisi ya kazi bila kuitwa. Njia nzima alikuwa amepanga maneno mawili tu: si yangu. Atayasema, atakaa kimya, na mambo yatakwenda yenyewe.

Chumba kilikuwa kidogo. Ofisa, kijana mwenye miwani, alikaa nyuma ya meza. Yaqoob alikuwa kushoto na bisht yake, lile joho la heshima, na Varghese amesimama ukutani, nywele amezichana kwa maji. Zahor alipoingia Varghese alitabasamu, akasogea kumpa nafasi. Yaqoob naye alitabasamu.

"Ndiye huyu mwenyewe, ofisa," alisema Yaqoob. "Amekuja kuthibitisha."

Ofisa akaigeuza barua juu ya meza. "Hii imeandikwa kwamba fundi huyu aliharibu kazi kwa makusudi. Imetiwa sahihi na Zahor. Ndiye wewe?"

Varghese aliisikia. Tabasamu lake halikuondoka mara moja, lilibaki pale likiwa halina kazi, kisha likafa. Alimtazama Zahor kama mtu anavyotazama kitu alichokikanyaga gizani.

"Ndiye mimi."

"Na sahihi hii yako?"

Zahor aliinama kuiona. Ilikuwa imepatikana vizuri, mpaka ule mkia wa mwisho. Nasriya angeweza kuitia mbele ya benki. Aliyaweka yale maneno mawili mdomoni, na hapo hapo akaona kitakachofuata, kwa sababu ofisa alikuwa ameshika kalamu. Kama si yako, ni ya nani? Nani aliichukua karatasi kutoka nyumbani kwako? Nani aliipeleka? Watakwenda Hamriya, watapanda ngazi, na washoni wote watatoka milangoni kutazama nani anashushwa.

"Yangu," alisema.

"Naam," alisema Yaqoob.

"Sahihi ni yangu, na maneno ni uwongo." Zahor alisikia sauti yake ikiwa kubwa kuliko alivyokusudia. "Vali zilifungwa sawa. Mabomba yaligeuzwa baadaye, kwa amri ya mwenye nyumba, na mtu huyu alimwonya. Mshale wa zamani upo chini ya tepu, mtu yeyote akaangalie. Nilitia sahihi kwa sababu wanataka kumposa binti yangu. Naifuta."

Ofisa alivua miwani. "Unajua unachosema? Wewe mtumishi wa serikali, unakiri umeandika ushahidi wa uwongo?"

"Najua."

"Itanibidi niwaandikie wizara yako."

"Waandikie."

Yaqoob alisimama, akakusanya bisht kama mtu anayevuka tope. "Umejivua nguo mwenyewe," alisema kwa Kiswahili, polepole, ofisa asielewe. "Na nyumba yako kwetu imekufa."

Zahor aliandika maelezo mapya, kurasa mbili, akaweka tarehe. Ofisa akapiga muhuri karatasi ya Varghese. Alikuwa huru kutafuta kafili mwengine. Nje, kwenye ngazi, Zahor alimfikia, akamshika mkono. Alitaka kumwambia. Lakini kila njia ya kumwambia ilipita kwa Nasriya.

Varghese aliutoa mkono wake taratibu. "Kwanza umeandika," alisema. "Leo umefuta. Lakini kwanza uliandika." Akashuka, akaenda zake bila kugeuka.

*

Bashayer ndiye aliyemfungulia. Hakuwa amekwenda benki, macho yamevimba.

"Bi Shariffa amepiga simu," alisema. "Hawaji. Nikamwomba nizungumze na Hisham, akasema Hisham hayupo, na mimi nilikuwa nnamsikia nyuma yake anakohoa." Akashika kitasa cha mlango. "Baba, mimi ndiye niliyeishusha ile bahasha. Nilijua ndani mna nini."

"Najua, mwanangu."

"Mbona hunigombezi?"

Zahor alimwekea mkono kichwani. Kwa mtoto aliweza. Akaingia ndani.

Nasriya alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa abaya na shela, viatu miguuni. Mapajani ameshika mkoba, na bataka yake ya kitambulisho ameitoa tayari.

"Watakuja saa ngapi?" aliuliza.

"Nani?"

"Polisi. Nimeshamwonesha Bashayer unga ulipo. Nimemwambia asiwafungulie jirani."

"Hawaji. Nimesema sahihi ni yangu."

Mkoba ulianguka, sarafu na funguo zikatawanyika sakafuni.  Nasriya alisimama, akamjia, amenyoosha mikono miwili. Zahor akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa kabati.

"Usinishike, Nasriya."

"Umeniokoa, na hutaki nikushike?"

"Nimekuokoa," alisema Zahor, "lakini mwili haujakubali. Sijui lini utakubali. Usinidanganye kwamba unajua."

Akainama, akaanza kuokota sarafu moja moja, akizirudisha mkobani. Nasriya naye akapiga magoti upande wa pili, akaokota. Waliokota mpaka zote zikaisha, na mikono yao haikugusana.